Gemu za RPG zenye majoka na uganga: utamu wake u wapi hasa?

MwanaLangoni, Lamu

Assalam aleikum wanajamvi. Nimesoma nyuzi nyingi zinazolinganisha gemu za kuvaa uhusika, zile tuziitazo RPG, kwa ukubwa wa ramani, uzuri wa picha na wingi wa silaha, nami kila nikimaliza kusoma hubaki na swali lile lile: mbona gemu yenye ramani isiyo na mwisho hunichosha baada ya siku nne, ilhali nyingine yenye picha za kale, ambazo mpwa wangu anazicheka waziwazi, imenishika tangu Ramadhani ya mwaka juzi? Naomba nitoe hoja yangu kwa urefu, kisha mnikosoe.

Naona kwamba utamu wa gemu hizi unatokana na safari ya kutoka ugeni kuingia uwenyeji. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na sijaona kanuni inayomfaa zaidi mtu anayetaka kuunda ulimwengu wa kubuni. Gemu mbaya hukufanya mgeni wa heshima hadi mwisho: unashikwa mkono, unaonyeshwa njia, unapewa zawadi usizozitolea jasho, na kila unayekutana naye anakuita shujaa kabla hujafanya lolote. Nzuri hukukaribisha, ikakulisha siku mbili, kisha ikakukabidhi jembe na kwenda zake.

Sisi wa Lamu tunalijua jambo hili kwa miguu yetu. Vichochoro vya mji wa kale ni vyembamba kiasi kwamba ukikutana na punda aliyebeba mawe huna budi kuingia katika daka la mtu, yaani kibaraza cha mlangoni, umpishe, na anayetaka kufika mahali huelekezwa kwa maneno: shika Usita wa Mui, ukifika msikiti fulani pinda, kisha uliza. Mgeni hupotea mara tano siku ya kwanza. Siku ya tatu amekwisha kung'amua kwamba kichochoro kinachoteremka kitamfikisha baharini, na siku ya kumi utamkuta akimwelekeza mgeni mwenzake huku amejaa fahari isiyo kifani. Fahari hiyo ya siku ya kumi ndiyo ninayoitafuta katika gemu.

Itazameni Morrowind, iliyotoka mwaka 2002. Unaanza ukiwa mfungwa aliyeachiliwa, unateremshwa merikebuni katika kijiji kidogo cha pwani, na wenyeji wa kisiwa kile wanakuita mgeni, tena kwa sauti ya mtu asiyefurahia kukuona. Hakuna mshale wa kukuonyesha pa kwenda. Anayekutuma anakueleza kwamba ufuate barabara, uvuke daraja, kisha uiache barabara penye mwamba fulani, na maneno hayo yanaandikwa katika daftari lako. Pengine maelezo yenyewe hayanyooki, kama yasivyonyooka maelezo ya binadamu. Nje kidogo ya kijiji kile mtu anaanguka kutoka angani na kufa mbele yako. Ukimpekua unakuta shajara yake pamoja na hati za uganga wa kuruka, ambazo humrusha mtu juu sana bila kumwandalia namna ya kutua. Mpwa wangu hakuisoma shajara. Alitumia hati ya kwanza, akapaa akishangilia hadi kijiji kikawa kama kigae chini yake, na mnaweza kukisia yaliyofuata. Tangu siku hiyo husoma kila karatasi anayoiokota, nami sikuhitaji kumhubiria.

Mwaka 2006 watengenezaji wale wale walitoa Oblivion, na dira yake ikaja na alama inayokuonyesha kila shabaha. Nilijikuta naifuata alama ile saa nzima, na mwisho wa saa sikuweza kukumbuka hata nyumba moja niliyoipita. Zaidi ya hayo, maadui walipanda levo, yaani ngazi za nguvu, pamoja na mchezaji, hata ikafika mahali majambazi wa barabarani, wanaokudai sarafu chache, wamevaa deraya ambazo wangeziuza wakanunua majumba. Ikiwa nguvu zako zimeongezeka mara kumi na za dunia zimeongezeka mara kumi, umekwenda wapi? Sitaki kuionea gemu ile, kwa sababu watu wa miji yake walikuwa na ratiba zao za kula, kufanya kazi na kulala, na hilo lilikuwa jambo kubwa kwa wakati wake; lakini jembe hawakunipa.

Kisha kuna Dark Souls ya mwaka 2011, ambayo haina ramani kabisa. Ukifa, roho za maadui ulizokusanya zinabaki pale ulipofia, na una nafasi moja tu ya kurudi kuziokota kabla hujafa tena. Watu huisifu kwa ugumu wake, nami naona wameshika mkia wakaacha ng'ombe. Saa kadhaa baada ya kuanza, ukiwa umepanda kuta, umepita mitaa iliyokufa na kufika kwenye kanisa la kale, unaingia katika lifti inayokushusha hadi kando ya ule ule moto ulioupumzikia mwanzo wa safari. Nilipofika chini nikaweka padi kando. Kumbe muda wote nilikuwa nazunguka nyuma ya nyumba yangu mwenyewe! Mtoto yeyote wa Mkomani aliyewahi kugundua kwamba nyumba ya shangazi yake, ambayo huifikia kwa kuuzunguka mtaa, imeunganishwa na ya bibi yake kwa wikio, yaani daraja la juu ya kichochoro, anaijua hisia hiyo.

Ugumu nao uwe na adabu. Kuna gemu moja iliyoniruhusu kusevu katika sehemu maalumu tu, umeme ukakatika nikiwa hatua ishirini hivi kutoka sehemu hiyo, nikapoteza kazi ya usiku mzima. Hapo sikufundishwa lolote.

Nahodha wa Malindi

Waaleikum salaam, ndugu yangu wa Langoni. Hoja yako ni nzuri, ila imeandikwa na mtu mwenye wakati. Mimi narudi nyumbani saa mbili usiku, nala, nawalaza watoto, na ninachobakiwa nacho ni saa moja kabla ya usingizi. Saa hiyo nikiimaliza nikitafuta mwamba ambao mzee mmoja wa kubuni alisema uko kushoto, kumbe uko kulia, sioni uwenyeji nilioupata. Mshale unaoudharau ndio unaoniwezesha mimi kucheza.

Kwangu utamu uko katika kanuni za mapigano. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na mtoto hujifunza kanuni zake kwa siku chache, lakini hatua ya kwanza iitwayo namua, ya kuingiza kete ubaoni, peke yake, kila mchezaji akiwa ameanza na kete 22 mkononi, inatosha kumshughulisha mzee maisha yake yote: atoke na nyumba yake, lile shimo kuu la kete, sasa au aitunze? Hakuna picha nzuri, hakuna muziki, na bado watu wanasimama kutazama hadi magharibi. Gemu yenye kanuni za namna hiyo hainichoshi. Baldur's Gate 3 ya mwaka 2023 imejengwa juu ya kanuni za Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani uliobuniwa Marekani na Gary Gygax na Dave Arneson mwaka 1974, na kila zamu inakuuliza jambo. Nipande juu ili mishale yangu ilenge vyema? Nimwage mafuta na kuyawasha, ingawa mwenzangu amesimama karibu? Nimsukume tu yule bwana mkubwa atumbukie korongoni, nimalize mazungumzo? Unapotaka kumshawishi mtu au kufungua kufuli, dadu lenye pande 20 linarushwa mbele ya macho yako, na ukishindwa hadithi haisimami bali inapinda njia nyingine, jambo ambalo limenipa usiku bora kuliko ushindi wangu wote.

Nitakubaliana nawe kwa jambo moja. Hapa karibu nasi kuna magofu ya Gedi, na nyumba zake kadhaa zimepewa majina kutokana na vitu vilivyofukuliwa ndani yake: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Sanduku la Pembe. Nilipowapeleka watoto, hakuna aliyetaka kusikia tarehe. Walitaka kujua mkasi ule ulikuwa wa nani na kwa nini aliuacha. Gemu ikiniweka katika chumba kilichoachwa hivyo, chenye kitanda kimoja na sahani mbili, bila mtu yeyote kujitokeza na kunieleza kisa chote, basi hata mimi mwenye saa moja nitasimama nitazame.

Mwana wa Shela

Kaka zangu, mmoja amezungumzia njia na mwingine mafuta ya kuwasha, nanyi nyote wawili mmewasahau watu. Mimi gemu hunibakia moyoni kwa sababu ya wale ninaosafiri nao. Katika Final Fantasy VII ya mwaka 1997, Aerith, mmoja wa wenzako wa safari, anauawa kabla diski ya kwanza haijakwisha, na diski ni tatu. Wengi wameandika juu ya huzuni ya tukio lile, lakini naona jambo lililolifanya liume ni la kimahesabu: ulikuwa umempa vifaa, umempandisha levo, umezoea kumtegemea akuponye, na baada ya hapo unafungua orodha ya kikosi na hayumo. Hadithi ya kusimulia peke yake haina namna ya kukupokonya kitu ulichokifanyia kazi kwa mikono yako.

Kwa hiyo sizipendi gemu ambazo urafiki wake hununuliwa kwa zawadi, ukimpa mtu vito vitano anakupenda, ukimpa kumi anataka kukuoa. Napendelea mwenzangu anayeweza kunikasirikia na kuondoka. Katika The Witcher 3, iliyotoka mwaka 2015, kuna roho iliyofungwa chini ya mti, na unaamua kuiachilia au kuiua. Ukiiachilia watoto mayatima wanaokoka lakini kijiji kinaangamia, na balaa linaifikia pia familia ya mtu ambaye hukudhani anahusika. Matokeo yanakuja baadaye sana, wakati hukumbuki hata mahali ulipolisevu lile pambano, na hilo ni jambo la busara, maana yakija papo hapo kila mtu atarudi nyuma na kuchagua upya. Undertale ya mwaka huo huo ilikwenda mbali zaidi: ukirudi nyuma kufuta uliyoyafanya, kuna mhusika anayekumbuka, naye anakusuta.

Maalim, Pate

Nimeufuatilia uzi huu kwa furaha, ingawa mimi hutazama tu wajukuu wakicheza na vidole vyangu haviwezi kwenda na kasi hiyo. Mnazungumzia mashujaa wa kubuni wa mbali, nami muda wote namuwaza Fumo Liyongo, shujaa wa kale wa pwani yetu, ambaye kisa chake kina kila mnachokidai.

Alipofungwa gerezani, mama yake alimpelekea chakula kila siku kwa mkono wa kijakazi Saada, na walinzi wakawa wanakila kile kizuri na kumwachia makombo. Liyongo akatunga wimbo, akamwambia Saada aende akamwimbie mama: aoke mkate wa wishwa, yaani wa makapi ya nafaka, na ndani yake atie tupa ya kukatia chuma. Walinzi walipouona mkate wa wishwa waliudharau, wakaupitisha kama ulivyo. Alipoulizwa haja yake ya mwisho kabla ya kuuawa, akaomba pachezwe gungu, na vishindo vya ngoma vikafunika sauti ya tupa ikikata minyororo. Angalieni, wanangu: huyu ni mtu mwenye nguvu ambazo zimewatisha watawala, na gerezani hakutoka kwa nguvu. Alitoka kwa kuwa aliwajua walinzi wake wanapenda nini na wanachukia nini. Wajukuu wangu wangekwama hapo kwa wiki nzima, kwa kuwa wamezoea kutafuta ufunguo ambao gemu imeuwekea mng'aro ili wauone.

Na udhaifu wake je? Hakuna silaha iliyomdhuru isipokuwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni, na siri hiyo ilivuja kwa mwanawe aliyeahidiwa makuu. Hata alipokwisha kuchomwa, alikufia kisimani amepiga goti, upinde umevutwa, na watu wakaogopa kumsogelea kwa siku kadhaa wakidhani yu hai. Nani atakayetengeneza gemu hiyo?

Baba wa Kizingitini

Salaam kwenu. Mimi ni mgeni katika mambo haya na gemu pekee ninayoijua ni ya mpira. Kijana wangu wa miaka kumi na mitano amekuwa akinishawishi tucheze pamoja, na tulicho nacho ni laptopu ya zamani na intaneti ya kununua kwa kiasi. Naomba mnielekeze pa kuanzia, na mniambie pia kama nitaonekana mpumbavu.

MwanaLangoni, Lamu

Nimechelewa kujibu kwa kuwa nilikuwa safarini Mokowe. Nahodha, nimekubali kwamba nilikuwa mkali mno kwa mshale. Ubaya wake hasa hauko kwenye mshale wenyewe, kwa kuwa gemu nyingi siku hizi zinakuruhusu kuuzima. Ubaya ni kwamba watengenezaji wakishaujua mshale upo, huacha kuandika maelekezo. Nilijaribu kuuzima nikicheza Skyrim ya mwaka 2011, na mara nyingi anayenituma alinitajia jina la pango tu, bila kusema liko upande gani wala karibu na nini, hivyo nikawa kipofu kamili. Mzee wako wa kubuni akieleza vizuri mahali mwamba ulipo, wewe mwenye saa moja washa mshale na mimi niuzime, na sote tutafika. Kuhusu bao nakuunga mkono, ila hata hapo nahisi umeelezea uwenyeji kwa jina jingine: yule mzee anayetazamwa hadi magharibi ameishi ndani ya zile kanuni miaka mingi kama anavyoishi mtaani kwake.

Dada wa Shela, umenifunga. Sikuwa na jibu la Aerith, na bado sina.

Maalim, ule mkate wa wishwa nimeusimulia barazani jana na watu wamebishana mpaka adhana ya isha. Kuhusu nani atakayeitengeneza, nakupa mfano wa jirani wa mbali: kampuni ya Kiro'o Games ya Yaoundé, Kameruni, ilitoa mwaka 2016 gemu iitwayo Aurion, juu ya mwana wa mfalme, Enzo, anayepinduliwa siku ya kutawazwa kwake na kwenda uhamishoni pamoja na mkewe Erine, akitafuta nguvu iliyorithiwa kwa wahenga wake. Nimeicheza, na mapigano yake yalinichosha kiasi, lakini nilipenda kwamba mke hakuachwa nyumbani kulia. Nikiota gemu ya Liyongo, naota pia vitu vyake visiwe vingi. Nimechoka kuokota panga mia tatu zinazotofautiana kwa tarakimu. Siwa, ile baragumu kubwa ya heshima, ya Pate ilichongwa kwa pembe ya ndovu na ya Lamu ni ya shaba, kila moja inajulikana kwa historia yake, na haikupulizwa ovyo. Kitu kimoja cha namna hiyo katika gemu nzima kinanitosha.

Baba wa Kizingitini, anza na Morrowind, kwa kuwa umri wake unaifanya iwe nyepesi kwa laptopu yako, na ukishaiweka haihitaji intaneti. Nakupa mashauri mawili tu. Msikimbie kila mahali, kwa sababu kukimbia kunamaliza pumzi ya mhusika, na katika gemu hii kila pigo linaamuliwa kwa bahati kama ya dadu ambayo mchovu huikosa, hivyo utampiga panya mara saba na upanga upite hewani. Pili, mwachie kijana padi, wewe shika kalamu na daftari uandike mnayoelekezwa. Mpumbavu utaonekana, ndiyo, kwa muda wa siku mbili hivi.

Baba wa Kizingitini

Nashukuru. Tuliteremka merikebuni juzi usiku. Mtu aliyeanguka kutoka angani tulimwona, na kwa kuwa nilikuwa nimesoma uzi huu nilimzuia kijana asiziguse zile hati, lakini jana nilipokwenda kuswali alizitumia. Leo tumefika mji wa Balmora kwa miguu, baada ya kupita njia panda isiyokuwa yetu na kufukuzwa na ndege mmoja mwenye mkia mrefu. Tumeambiwa tumuulizie mtu fulani kwenye nyumba ya vinywaji, tukauliza, tukaelekezwa, na daftari langu limeshajaa kurasa nne. Kijana anasema niandike kwa herufi kubwa zaidi, kwa kuwa kesho anataka kusoma mwenyewe.